Mikhail Botvinnik: Bingwa wa sataranji ambaye programu yake haikupata kiti mashindanoni

KATIKA vijiwe vya bao na drafti jijini Mwanza, ubingwa wa mdomoni hauna thamani. Anayejitapa hutakiwa aketi, apange kete na acheze mbele ya watu. Kanuni hiyo ndiyo iliyotawala pia mashindano ya dunia ya kompyuta zinazocheza sataranji tangu yalipoanza mwaka 1974. Programu haikupokewa kwa sifa za mtunzi wake, bali kwa uwezo wake wa kucheza mchezo mzima, kwa muda uliopangwa na mbele ya mashahidi.

Kanuni hiyo ilimwacha nje mtu ambaye wengi wangetarajia kumkuta mstari wa mbele. Huyo si mwingine bali ni Mikhail Botvinnik, raia wa Muungano wa Kisovieti, bingwa wa dunia mara tatu na mhandisi wa umeme. Alitumia zaidi ya miaka 20 ya uhai wake kujenga programu iliyokusudiwa kufikiri kama binadamu. Programu hiyo, Pioneer, haikuwahi kushiriki mashindano ya ubingwa wa dunia hata mara moja.

Botvinnik alizaliwa Agosti 17, 1911 huko Kuokkala, karibu na St. Petersburg, katika eneo ambalo wakati huo lilikuwa sehemu ya Ufini chini ya himaya ya Urusi. Baba yake alikuwa fundi wa meno bandia na mama yake daktari wa meno. Alijifunza sataranji akiwa na umri wa miaka 12, umri unaohesabiwa kuwa mkubwa kwa mtu anayetaka kufika kileleni. Hata hivyo, mwaka 1925, akiwa na miaka 14 tu, alimshinda Jose Raul Capablanca wa Cuba, bingwa wa dunia wa wakati huo, katika maonyesho ambayo bingwa huyo alicheza na watu wengi kwa pamoja mjini Leningrad.

Mwaka 1931 alitwaa ubingwa wa Muungano wa Kisovieti. Mwaka 1936, mjini Nottingham, Uingereza, alishika nafasi ya kwanza sawa na Capablanca. Wakati wote huo hakuacha uhandisi. Vita Kuu ya Pili ilipoifikia nchi yake mwaka 1941, alihamia Perm, karibu na milima ya Ural, pamoja na mkewe Gayane Ananova, mcheza dansi wa baleti. Huko alifanya kazi ya umeme mchana na kuchambua michezo ya sataranji usiku. Mwaka 1951 alipata udaktari katika uhandisi wa umeme, akiwa tayari bingwa wa dunia.

Suala la nani achaguliwe na nani aachwe lilimfuata maisha yake yote. Machi 1946 Alexander Alekhine alifariki dunia akiwa bado anashikilia taji, na kiti cha ubingwa kikabaki wazi. Shirikisho la Kimataifa la Sataranji, FIDE, liliamua kuwakutanisha wachezaji wachache walioteuliwa. Mmarekani Reuben Fine alialikwa lakini akakataa. Miguel Najdorf, mzaliwa wa Poland aliyekuwa akiishi Argentina, hakualikwa, ingawa wapo walioona kuwa alistahili. Wakabaki watano: Botvinnik, Vasily Smyslov, Paul Keres, Samuel Reshevsky na Max Euwe. Walicheza mwaka 1948, kwanza The Hague na kisha Moscow. Botvinnik alipata pointi 14 kati ya 20, akimwacha Smyslov kwa pointi tatu.

Ushindi huo haukuwa na utata ubaoni, lakini orodha ya walioruhusiwa kuuwania ilibishaniwa kwa miaka mingi. Miaka minne baadaye bingwa huyo alionja uchungu wa upande wa pili. Kabla ya michuano ya timu za mataifa iliyofanyika Helsinki mwaka 1952, wachezaji wenzake walipiga kura na kumwondoa kikosini, kwa hoja kwamba kiwango chake kilikuwa kimeshuka. Bingwa wa dunia akabaki nyumbani huku nchi yake ikitwaa dhahabu bila yeye. Jibu lake lilikuwa kucheza: alishiriki mashindano ya taifa ya mwaka huohuo na, baada ya mechi ya ziada dhidi ya Mark Taimanov, akatwaa ubingwa.

Taji la dunia alilipoteza kwa Smyslov mwaka 1957 na kulirejesha mwaka 1958. Alilipoteza kwa kijana Mikhail Tal mwaka 1960 na kulirejesha mwaka 1961. Tigran Petrosian alipomshinda mwaka 1963, FIDE ilikuwa imekwisha kufuta haki ya bingwa aliyeshindwa kudai mechi ya marudiano. Mwaka 1970 Botvinnik aliacha kushindana na kuelekeza nguvu zake kwenye kompyuta.

Wakati huo wataalamu walikuwa wamegawanyika. Mmarekani Claude Shannon, katika makala yake ya mwaka 1950, alikuwa ameonyesha njia mbili za kuifundisha mashine sataranji. Ya kwanza ni kuikagua kila hatua inayowezekana hadi kina fulani, bila kubagua. Ya pili ni kuchagua hatua chache zenye maana na kuzifuatilia kwa kina, kama afanyavyo mchezaji hodari. Njia ya kwanza inahitaji mashine yenye kasi. Ya pili inahitaji programu inayojua kipi cha kupuuza.

Botvinnik aliichagua njia ya pili bila kusita. Aliamini kwamba bingwa haoni hatua zote, bali huona mashambulizi: kete ipi inaweza kufika wapi, ikipitia mraba gani, na adui anawezaje kuizuia. Pamoja na kundi dogo la wahandisi na wanahisabati, akiwemo Boris Stilman, alianza kuyageuza mawazo hayo kuwa programu. Hawakuwa na kompyuta yao. Walilazimika kuomba muda kwenye mashine za taasisi nyingine.

Agosti 1974 yalifanyika Stockholm, Sweden, mashindano ya kwanza ya dunia ya programu za sataranji. Zilishiriki programu 13. Kwa kawaida kompyuta zenyewe zilibaki makwao, na hatua zikapitishwa kwa simu hadi ukumbini, ambako mwendeshaji alisogeza kete. Muungano wa Kisovieti uliwakilishwa na Kaissa, kazi ya Georgy Adelson-Velsky, Vladimir Arlazarov, Mikhail Donskoy na wenzao. Kaissa ilishinda michezo yake yote minne na kuwa bingwa wa kwanza. Pioneer haikuwepo kwa sababu haikuwa tayari.

Toronto, Kanada, mwaka 1977, idadi ilipanda hadi programu 16, na Botvinnik alikuwepo akiwa mgeni wa heshima. Alikaa ukumbini akitazama programu za watu wengine. Katika mchezo wa raundi ya kwanza, Kaissa, ikicheza na Duchess ya Marekani, iliitoa ngome yake bure. Watazamaji walishangaa, na Botvinnik mwenyewe hakuiona sababu. Baadaye programu ilipochunguzwa ilibainika kwamba hatua ambayo kila mtu aliitarajia ingemruhusu mpinzani kumtoa malkia wake kafara na kumfunga mfalme hapohapo. Mashine iliyokagua kila kitu ilikuwa imeiona hatari ambayo bingwa wa dunia wa zamani hakuiona.

Kaissa ilipoteza mchezo huo hata hivyo, na taji likaenda kwa Chess 4.6 ya Marekani. Lakini tukio lenyewe lilikuwa onyo. Kasi ya mashine ilikuwa ikiongezeka kila mwaka, na kila ongezeko liliipa nguvu njia ambayo Botvinnik aliidharau. Mwaka 1980 mjini Linz, Austria, taji lilitwaliwa na Belle, iliyojengewa vifaa maalumu vya kuongeza kasi. Pioneer haikuwemo pia.

Si kwamba hakuwa na cha kuonyesha. Pioneer iliwahi kufumbua fumbo gumu la sataranji lililotungwa na Gia Nadareishvili wa Georgia kwa kuchunguza hatua chache mno. Mbinu zake zilitumiwa pia kupanga ratiba za matengenezo ya mitambo ya umeme nchini mwake, kazi ambayo uzito wake unaeleweka kwa mkazi yeyote wa Mwanza anayekumbuka mgawo wa umeme wa mwaka 2006. Lakini kufumbua fumbo moja si sawa na kucheza hatua 40 ndani ya saa mbili, bila kujua mpinzani ataleta nini. Mashindano yalidai hilo la pili.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa kupima haki ya mlango ule. Waandaaji hawakumdhulumu Botvinnik: isiyoweza kucheza haina nafasi ubaoni. Hata hivyo, mlango uliopokea tu kilichokuwa tayari uliwapa watunzi sababu ya kufuata njia inayokamilika haraka, na utafiti wa njia ndefu ukakosa jukwaa. Baadaye mlango huohuo ulipata mtihani wa aina nyingine. Mwaka 2011 chama cha kimataifa kilichoanzishwa kule Toronto kiliivua programu ya Rybka mataji ya mwaka 2007 hadi 2010, kikisema mtunzi wake alinakili kazi za wengine. Swali la nani anastahili kushiriki halikuisha kwa mashine kupata nguvu.

Botvinnik aliendelea kwenda maabara hadi uzeeni, macho yakiwa yamefifia. Katika shule yake ya sataranji walipita Anatoly Karpov, Garry Kasparov na Vladimir Kramnik, wote mabingwa wa dunia baadaye. Alifariki dunia mjini Moscow Mei 5, 1995, akiwa na umri wa miaka 83. Miaka miwili baadaye, Mei 1997, Kasparov alishindwa na Deep Blue, kompyuta iliyokagua takriban hali milioni 200 za ubao kwa sekunde. Ilionekana kana kwamba mwalimu amekosea na kasi imeshinda.

Hukumu hiyo ilidumu miaka 20. Desemba 2017 kampuni ya DeepMind ya London ilitangaza kwamba programu yake, AlphaZero, iliyojifunza kwa kucheza yenyewe kwa yenyewe, imeishinda Stockfish, mojawapo ya programu kali kuliko zote. Stockfish ilikagua hali milioni 70 kwa sekunde. AlphaZero ilikagua 80,000 tu, lakini ilichagua vizuri zaidi cha kukagua. Haikutumia mbinu za Botvinnik, na wala haikupitia mlango wa mashindano yoyote ya wazi, bali mechi iliyoandaliwa na wenye nayo. Lakini iliithibitisha imani yake kuu, kwamba kuchagua kunaweza kuishinda kasi.

Leo kijana wa Nyegezi au Kirumba anaweza kubeba mfukoni, ndani ya simu yake, programu inayoweza kumshinda bingwa wa dunia. Vizazi vya programu hizo vinaonekana katika majedwali ya matokeo ya Stockholm, Toronto na Linz. Pioneer haimo katika jedwali lolote kati ya hayo. Aliyeitunga aliwahi kuwa bingwa kwa orodha ya watu watano, akaachwa na kikosi cha taifa kwa kura za wenzake, na mara zote mbili alijibu kwa kuketi na kucheza. Kwa Pioneer, jibu hilo hakulipata maishani mwake.