Tang Feifan, Mchina aliyeikamata mikrobi ya klamidia ndani ya yai la kuku

Mikrobi inayopofusha watoto na mama zao katika vijiji visivyo na maji, na ile inayoziba mirija ya uzazi ya wanawake wengi bila wao kusikia maumivu yoyote, ni jamaa moja. Waganga wanaiita klamidia. Kwa karibu miaka 50 wataalamu wa Ulaya, Japani na Marekani waliiona kwenye mikroskopi, lakini walishindwa kuiotesha katika labo. Aliyefaulu alikuwa Mchina, Tang Feifan. Miaka mitatu baada ya ushindi huo alikuwa amekufa, na hakuuawa na ugonjwa.

Tang alizaliwa mwaka wa 1897 huko Liling, katika jimbo la Hunan. China ya wakati ule ilikuwa dhaifu, na wageni waliidharau kwa kuiita mgonjwa wa Asia. Kijana huyo aliamua kusomea udaktari. Aliingia katika shule ya utabibu ya Xiangya, mjini Changsha, iliyoanzishwa na watu wa Hunan pamoja na Wamarekani wa chuo kikuu cha Yale, akamaliza mwaka wa 1921. Wenzake wengi walikwenda kutibu wagonjwa, kazi iliyoleta heshima na pesa. Yeye alichagua mikrobi. Hesabu yake ilikuwa rahisi: daktari mmoja anaponya watu wangapi maishani mwake? Lakini anayegundua njia ya kuzuia ugonjwa anaweza kuwafikia watu asiowajua kabisa.

Mwaka wa 1925 alivuka bahari mpaka Marekani, akafanya kazi Harvard chini ya Hans Zinsser, bingwa wa ugonjwa wa tifasi. Alirudi China mwaka wa 1929, akafundisha Shanghai. Hapo ndipo alipokutana na trakoma.

Trakoma ni ugonjwa wa macho. Kope zinavimba kwa ndani, zinapata makovu, kisha zinajikunja na nywele zake zinakwaruza jicho mpaka giza linaingia. Katika China ya miaka hiyo ilikuwa kila mahali. Mwaka wa 1907, Ludwig Halberstaedter na Stanislaus von Prowazek, wakiwa kisiwani Java, walikuwa wameona ndani ya seli za macho ya wagonjwa kitu kama kifuko kilichojaa chembe ndogo sana. Hawakujua kama ni kiumbe ao ni uchafu tu. Miaka michache baadaye waganga wengine waliona vifuko vilevile katika macho ya watoto wachanga, katika shingo ya kizazi ya mama zao, na katika njia ya mkojo ya baba zao. Kumbe tangu wakati huo kulikuwa na dalili kwamba kitu kinachoharibu jicho kinaishi pia katika sehemu za siri. Lakini bila kukiotesha, hakuna aliyeweza kuthibitisha.

Mwaka wa 1927 Mjapani Hideyo Noguchi, aliyekuwa maarufu duniani kote, alitangaza kwamba amepata bakteria inayoleta trakoma. Wengi walimwamini kwa sababu ya jina lake. Noguchi mwenyewe hakupata muda wa kujitetea: alikufa kwa homa ya manjano mwaka wa 1928 huko Accra, Afrika ya Magharibi, alikokwenda kuchunguza ugonjwa huo. Tang alijaribu kazi ya Noguchi tena na tena. Mwishowe aliweka bakteria hiyo katika macho ya watu waliojitolea, naye mwenyewe akiwa mmoja wao. Hakuna aliyeugua trakoma. Basi Noguchi alikuwa amekosea, na Tang alisema hivyo waziwazi. Kwa Mchina ambaye bado hakuwa na jina, kumkosoa mtu wa cheo kile kulihitaji moyo.

Kisha vita vilikuja. Mwaka wa 1937 jeshi la Japani lilishambulia Shanghai. Tang alikwenda kuhudumia majeruhi, halafu akakubali kuongoza ofisi ya taifa ya kuzuia magonjwa ya kuambukiza, iliyohamia Kunming, mbali kusini-magharibi. Huko hapakuwa na vyombo wala pesa, na umeme na maji vilikuwa shida. Tunaoishi mashariki ya Kongo hatuhitaji kuelezwa sana jinsi kazi ya labo inavyokuwa wakati wa vita. Pamoja na hayo kikundi chake kilitengeneza chanjo na seramu kwa ajili ya askari na raia. Mwaka wa 1944 walifaulu kutengeneza penisilini ya kwanza ya China, kutokana na ukungu walioutafuta wenyewe. Inasimuliwa kwamba ukungu uliofaa ulipatikana juu ya kiatu cha zamani cha ngozi. Mwingereza Joseph Needham aliyewatembelea alishangaa kuona kazi ile ikifanyika kwa vifaa vibovu namna hiyo.

Mkewe, He Lian, alikuwa binti wa He Jian, jenerali aliyewahi kutawala jimbo la Hunan chini ya chama cha Kuomintang. Hivyo, wakomunisti walipochukua utawala mwaka wa 1949, Tang alikuwa na kila sababu ya kukimbia, na kwa elimu yake asingekosa kazi ng'ambo. Alibaki. Alipewa kuongoza taasisi ya chanjo mjini Beijing, na chanjo zilizotoka katika kazi hiyo zilisaidia China kumaliza ndui mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ni sehemu ya maisha yake ambayo peke yake ingetosha kumpa sifa, lakini yeye alikuwa bado na deni la trakoma.

Mwaka wa 1954 aliruhusiwa kulirudia. Alishirikiana na Zhang Xiaolou, daktari wa macho wa hospitali ya Tongren, aliyempa vipimo kutoka macho ya wagonjwa. Watu wengi walikuwa wakiutafuta ugonjwa huo ndani ya ubongo wa panya na ndani ya nyani. Tang alijaribu njia hizo pia, akapoteza miezi mingi. Halafu akageukia yai la kuku lenye kifaranga kinachoanza kukua, akaweka kipimo ndani ya kifuko cha kiini.

Tatizo lilikuwa bakteria wengine. Jicho la mgonjwa lina uchafu mwingi, na bakteria hao wakiingia ndani ya yai wanaliua mapema. Kwa hiyo watafiti walimwaga dawa ili kuwaondoa, na penisilini ilikuwa mojawapo. Tang, mtu aliyeleta penisilini nchini mwake, alitambua kwamba dawa hiyo inaikandamiza pia mikrobi anayoitafuta. Akaiacha, akatumia streptomisini, ambayo inaua bakteria wengine wengi na kuiacha klamidia. Kati ya 1955 na 1956 mayai yalitoa jibu. Mbegu ya kwanza iliitwa TE8: T ya trakoma, E ya yai kwa Kiingereza, na 8 kwa kuwa ilikuwa jaribio la nane. Matokeo yalitangazwa kwa dunia mwaka wa 1957.

Kwa nini ilichukua karibu nusu karne? Jibu liko katika tabia ya mikrobi yenyewe, ambayo ilieleweka vizuri baada ya Tang.

Klamidia ni bakteria, ingawa mpaka miaka ya 1960 wengi waliihesabu kuwa virusi, kwa sababu haiwezi kuongezeka nje ya seli iliyo hai. Ina sura mbili. Ya kwanza ni chembe ndogo, ngumu, inayosafiri kutoka seli moja mpaka nyingine kama mbegu kavu. Haikui wala haigawanyiki. Ikigusa seli ya shingo ya kizazi, ya njia ya mkojo ao ya kope, inaishawishi seli hiyo iimeze yenyewe. Kwa kawaida seli ikimeza bakteria humpeleka kwenye vifuko vyake vya kuyeyushia, naye anakufa. Klamidia inakwepa. Inajizungushia ngozi ya kifuko chake, inageuza anwani ya kifuko hicho ili mashine ya kuua isikitambue, na ndani yake inachukua sura ya pili: kubwa, laini, yenye njaa. Hapo inakula chakula cha mwenye nyumba na kugawanyika mpaka mamia yanajaa. Baada ya siku mbili ao tatu yanarudia sura ya mbegu, seli inapasuka ao kifuko kinasukumwa nje, na kazi inaanza upya kwa jirani. Jina klamidia limetoka katika neno la Kigiriki la joho, sababu kifuko hicho huonekana kama joho lililofunika kiini cha seli.

Kuna jambo baya zaidi. Mwili ukigundua adui, unatoa kemikali inayoitwa interferoni gama, inayofanya seli iharibu triptofani, chakula ambacho klamidia haiwezi kuishi bila hicho. Mikrobi nyingi zingekufa. Klamidia inavimba, inaacha kugawanyika, na inasubiri. Adui akilegea, inaamka. Penisilini inaifanya vivyo hivyo: inaisimamisha bila kuiua. Ndiyo sababu sindano ya penisilini, ambayo watu wengi hukimbilia wakihisi kuungua wakati wa kukojoa, si dawa ya kutegemea hapa. Aina za klamidia zinazoishi katika sehemu za siri zina hila ya ziada ambayo zile za macho zimeipoteza: zinaweza kujitengenezea triptofani kwa kutumia indoli, kitu kinachotolewa na bakteria wengine wa uke. Kwa hiyo mwanamke mwenye bakteria hao anaipa klamidia njia ya kuponyoka njaa.

Wakati huo wote mwanamke anaweza asihisi kitu. Wengi wa wenye ugonjwa huu hawana dalili. Mikrobi inapanda kutoka shingo ya kizazi mpaka kizazi, na kutoka hapo mpaka mirija, na vita vya mwili dhidi yake ndivyo vinavyoacha makovu. Mirija ikiziba, mimba haishiki, ao inatunga nje ya kizazi na kuhatarisha maisha. Kwetu mama asiyezaa hulaumiwa, hufukuzwa, huambiwa amerogwa, wakati pengine ugonjwa aliuleta mume ambaye yeye pia hakujua. Inatibika: doksisiklini kwa siku saba ndiyo dawa ya kawaida, na mwenye mimba hupewa azitromisini kwa maagizo ya mganga. Lakini mume na mke wanapaswa kutibiwa wote wawili, la sivyo wataambukizana tena.

Turudi Beijing. Kutangaza hakukumtosha Tang. Mwanzoni mwa 1958 aliagiza mbegu TE8 iwekwe ndani ya jicho lake mwenyewe. Jicho lilivimba. Alikataa dawa kwa muda wa siku 40 hivi ili ugonjwa uonekane wazi kabisa, na mikrobi ikapatikana tena ndani ya jicho hilo. Hakuna aliyeweza kubisha tena. Alikuwa amezituma mbegu zake kwa wataalamu wa nje bila kudai kitu, na katika taasisi ya Lister mjini London Leslie Collier alithibitisha kazi yake. Mwaka wa 1958 Collier na mwenzake walitumia njia ya mayai kuipata mikrobi kutoka macho ya wagonjwa wa Gambia, Afrika ya Magharibi. Mwaka wa 1959 kikundi cha London kiliipata katika jicho la mtoto mchanga na katika shingo ya kizazi ya mama. Yale yaliyodhaniwa tangu miaka 50 sasa yalikuwa na uthibitisho, na uchunguzi wa klamidia ya uzazi ukaanza kweli.

Tang hakuiona habari hiyo. Katika mwaka wa 1958 kampeni za kisiasa ziliwageukia wasomi, hasa waliosoma ng'ambo. Katika mikutano ya taasisi yake alishtakiwa kwamba anaabudu elimu ya wageni, kwamba ni mtu wa utawala wa zamani, hata kwamba ni mpelelezi. Kule kuzituma mbegu London, jambo ambalo sayansi inalihesabu kuwa wema, kuligeuzwa kuwa kosa. Walimtukana mbele ya watu aliowafundisha, siku baada ya siku. Tarehe 30 mwezi wa tisa 1958 alijiua nyumbani. Alikuwa na miaka 61.

Kwa miaka 20 jina lake halikutajwa hadharani nchini mwake. Huko nje, labo ziliendelea kutumia mbegu zake. Mwaka wa 1979 mamlaka za China zilimrudishia heshima yake, na mwaka wa 1981 shirika la kimataifa la kupambana na trakoma likamtunuku medali ya dhahabu. Mwaka wa 1992 posta ya China ilitoa stempu yenye picha yake.