Aneurin Bevan: mtoto wa mgodi aliyefungulia wote mlango wa lopitali



Kila mwezi tukipita kukusanya kotisasio ya mituele ya afya, hakukosi mtu wa kuuliza kwa nini alipe wakati hajaugua tangu tuliporudi. Safari hii jibu nimelitafuta mbali, katika maisha ya mtu aliyeanzia kwenye mituele kama hii yetu.

Aneurin Bevan alizaliwa tarehe 15 Novemba 1897 katika Tredegar, mji mdogo wa makaa ya mawe huko Wales, Uingereza. Baba yake alikuwa mchimbaji. Nyumbani walizaliwa watoto kumi, na si wote waliokua. Akiwa na miaka 13 aliacha shule, akaingia mgodini. Alikuwa na kigugumizi, lakini alijisomea vitabu vya maktaba ya wafanyakazi, na mwaka 1919 alipata nafasi ya kwenda kusoma London. Aliporudi, alikaa muda mrefu bila kazi. Mwaka 1925 baba yake alifariki juu ya vumbi la makaa lililomjaa mapafuni. Familia haikulipwa kitu, sababu ugonjwa ule haukuwa bado kwenye orodha ya magonjwa ya kazi.

Tredegar walikuwa na chama chao cha kusaidiana kwa matibabu. Kila mfanyakazi alikatwa peni chache kwa kila pauni ya mshahara wake. Kwa feza hizo familia nzima ilipata munganga, dawa, matibabu ya meno na lopitali. Karibu mji wote ulikuwa ndani. Bevan alikaa kwenye komite ya lopitali ile, akajifunza kazi: hesabu, kuajiri wanganga, kusikiliza malalamiko ya wanamemba.

Lakini aliona pia mpaka wa chama. Mfuko uliosimama juu ya mshahara wa mgodi unatikisika mgodi ukifungwa. Tena, mtu wa bonde la pili, kusiko na chama, afanye nini? Nchini kulikuwa na sheria ya bima ya mwaka 1911, lakini ilimtibu mfanyakazi peke yake, bila mke wala watoto. Njo maana mama wengi walivumilia ugonjwa nyumbani mpaka unakomaa.

Mwaka 1929 Bevan alichaguliwa kuwa mbunge, na mwaka 1945, vita vikiisha, akafanywa waziri wa afya. Nchi ilikuwa imebomolewa na mabomu, chakula kikigawanywa kwa kadi. Wengi wangesema tungoje kwanza tupate feza. Yeye hakungoja. Alichukua lopitali zaidi ya 2,500 za miji na za mashirika akaziweka chini ya taifa, matibabu yalipwe hasa kwa kodi ya wote, na mgonjwa asidaiwe kitu mlangoni. Wanganga walio wengi walipiga kura ya kukataa. Alijadiliana nao, akakubali wakubwa wao waendelee pia kutibu wateja wa kulipa. Tarehe 5 Julai 1948 kazi ikaanza. Watu walikuja kwa wingi kutafuta miwani na meno ya bandia, vitu walivyokosa miaka na miaka.

Gharama zikapanda kuliko walivyopanga. Mwaka 1951 serikali yake mwenyewe iliamua kutoza watu kwa miwani na meno. Bevan akajiuzulu uwaziri. Alifariki tarehe 6 Julai 1960, akiwa na miaka 62.

Sisi hatuna kodi ya Uingereza, na mituele yetu haiwezi kubeba taifa. Lakini wachimbaji wale pia walianza na peni chache. Anayelipa akiwa mzima njo anayemfungulia mlango jirani aliyelala, na kesho zamu inageuka.

Na lile la bonde la pili ni letu vilevile. Tunao wajane na wazee ambao kadi zao zimelala juu hawana cha kutoa. Kwa mwanamemba, tunaomba kotisasio ifike kwa wakati. Kwa mfadhili, tunaomba ufikirie kadi za hawa kwanza, kabla ya vitu vingine. Mtu asiye na kitu asiachwe mlangoni.