Elijah Masinde: Hesabu ya Nafsi Chini ya Mlima Masaba

Kuanzia Kimilili hadi mtaa wa Tuwan mjini Kitale, jina la Elijah Masinde halijaacha kuzua mabishano. Kuna wanaomwita nabii, kuna waliomwita mwendawazimu, na wanahistoria wengi wamemweka katika orodha ya wapinzani wa ukoloni na kumwacha hapo. Uainishaji huu wa mwisho una ukweli wake. Hata hivyo, unasahau kwamba Masinde aliingia katika siasa kupitia mlango wa kanisa, na kwamba ugomvi wake wa awali ulihusu suala la kidini: ni nani mwenye haki ya kuikagua nafsi ya mwumini?

Masinde alizaliwa Kimilili, katika eneo la Bungoma, kati ya mwaka 1910 na 1912. Ujanani alisifika kwa kandanda. Aliiongoza timu ya Kimilili na mwaka 1930 akaichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Aidha, alikuwa mwumini wa Kanisa la Marafiki, ambalo wengi hulijua kwa jina la Quaker, na ambalo wamishenari wake kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902.

Marafiki hawabatizi kwa maji. Kwao, mabadiliko ya kweli hutokea ndani ya moyo, na kila mwumini hutarajiwa kujichunguza mbele ya Mungu bila kuhitaji kasisi. Ni fundisho zito. Lakini moyo hauonekani, na kwa sababu hiyo kanisa lilitazama mwenendo: pombe, tambiko na, zaidi ya yote, ndoa. Masinde alipooa mke wa pili, alitengwa.

Kutengwa huko hakukumfanya aiache imani. Kulimfanya aligeuzie kanisa lenyewe ule ukaguzi aliofunzwa kuufanya moyoni mwake. Je, Ibrahimu na Yakobo hawakuwa na wake zaidi ya mmoja? Je, wazee wa Agano la Kale hawakuchinja kondoo mbele ya Mungu wao? Iwapo hayo yalikuwa ibada, kwa nini kafara ya Mbukusu katika namwima, kile kijibanda cha kuwakumbuka wahenga, iitwe dhambi? Wele Khakaba, Muumba aliyeabudiwa na Wabukusu, hakuletwa na meli. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Dini ya Msambwa, na mlima Masaba, yaani Elgon, ukawa Sayuni yake.

Jina lenyewe linastahili kutazamwa na mwanafunzi wa Kiswahili. Neno dini limetoka katika Kiarabu, nalo msambwa ni kumusambwa la Lubukusu lililovuliwa kiambishi chake cha kwanza na kukaa vizuri katika ngeli ya M-/MI-. Vuguvugu lililodai kurejea kwa wahenga lilijitambulisha kwa lugha ya mawasiliano mapana.

Mamlaka hayakuwa na subira. Mwaka 1944 Masinde aliongoza ukaidi dhidi ya amri za serikali, mwaka 1945 akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, na akaachiliwa mwaka 1947. Ni rahisi kumwita mtu mwendawazimu kuliko kujibu maswali yake. Mwaka huo huo aliwaongoza wafuasi wake hadi Chetambe, mahali ambapo Wabukusu wengi waliuawa na majeshi ya Waingereza mwaka 1895, ili kuwaombea na kuwatolea kafara waliofia hapo. Hakuna tendo linalomweleza Masinde vizuri zaidi ya hili. Kwa miaka mingi jamii nzima ilikuwa imefundishwa kutubu dhambi zake, bila kuruhusiwa kuwalilia wafu wake.

Mnamo tarehe 10 Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi huko Malakisi. Kwa hesabu ya serikali, watu 11 walikufa. Dini ikapigwa marufuku, naye Masinde akapelekwa uhamishoni Lamu, kisiwa cha tendi na madrasa, alikokaa kwa zaidi ya miaka kumi. Mafundisho yake hayakufungwa pamoja naye. Yalienea katika mashamba ya walowezi ya Trans Nzoia, ambako Wabukusu wengi walikuwa maskwota, na yakafika kwa Wapokot kupitia Lukas Pkech, aliyeuawa katika mapambano ya Kolloa mwezi wa Aprili 1950.

Haitakuwa haki kuificha kasoro. Baadhi ya wafuasi walihusishwa na uchomaji wa makanisa na shule, na ukaguzi ulioanza kama wa nafsi ukageuka kuwa hukumu kwa majirani waliobaki kanisani. Masinde mwenyewe alikuwa mwepesi wa kukemea na mzito wa kusikiliza.

Uhuru ulipopatikana wengi walitarajia atulie. Marufuku iliondolewa mwaka 1964, ila Masinde hakuona sababu ya kuipigia magoti serikali ya Waafrika kuliko ya Waingereza. Dini ikapigwa marufuku tena mwaka 1968, naye akarejeshwa gerezani. Rais Moi alimwachilia mwaka 1978, lakini hata baada ya hapo hakunyamaza. Alifariki mwaka 1987, akiwa bado nje ya kanisa lililomlea.