Tafakuri ya Siku ya 12: Fundi wa kufuli aliyeanza kusoma akiwa na miaka 30



Ndugu yangu uliyefunga, hebu nikuulize. Mara ngapi umewasikia watoto wa madrasa wakisoma, ukatamani ukae nao urekebishe usomaji wako, kisha ukajiambia umri umeshapita, kazi nyingi, kichwa hakishiki tena? Leo nakuletea habari za mtu aliyekuwa na sababu zote hizo.

Jina lake Abdullah bin Ahmad, maarufu kwa kun-ya ya Abu Bakr, mwenyeji wa Marw huko Khurasani. Magofu ya mji huo leo yako Turkmenistan. Aliishi karne ya 4 Hijria na kazi yake ilikuwa kutengeneza kufuli. Kwa Kiarabu fundi wa kufuli ni qaffal, na hilo ndilo jina lililomganda: Imamu Al-Qaffal Al-Marwazi.

Alikuwa fundi hasa. Alitengeneza kufuli na ufunguo wake, vyote pamoja vikawa na uzito wa habba nne, yaani punje nne tu! Tena jicho lake moja lilikuwa na ila. Mtu wa namna hiyo angeweza kuridhika na ufundi wake mpaka kufa. Lakini alipofika miaka 30 hivi, aliona akili aliyopewa inaweza kubeba zaidi ya chuma. Akaelekea kwenye fiqhi.

Sasa sikia mwanzo wake. Wanasimulia kwamba alikwenda kwa sheikh, akafundishwa maneno matatu tu ya mwanzo wa Mukhtasar wa Al-Muzani. Maneno matatu! Akapanda darini, akayarudia tangu Isha mpaka alfajiri inakaribia. Usingizi ukamchukua. Alipoamka, yote yamefutika. Akatoka nje ameduwaa, hajui atamwambia nini mwalimu wake. Njiani jirani akamlalamikia kwamba hawakulala usiku kucha kwa kelele zake, na katika kulalamika akayataja maneno yale yale. Ndipo akayakumbuka.

Alipomweleza sheikh, hakufukuzwa wala hakuchekwa. Aliambiwa asikate tamaa, kwani kuhifadhi kunazoeleka kama kazi nyingine. Na yeye fundi alilielewa hilo. Hakuna aliyetengeneza kufuli ndogo vile siku ya kwanza aliposhika tupa.

Akaendelea. Akasoma kwa Abu Zayd Al-Marwazi na wengineo, hadi akawa kiongozi wa wanazuoni wa Kishafii wa Khurasani. Katika wanafunzi wake yumo Abu Muhammad Al-Juwayni, baba yake Imamul Haramayn, na Imamul Haramayn ndiye aliyemsomesha Al-Ghazali. Elimu ya njia hiyo ya Khurasani ikafika kwa Imamu An-Nawawi, ambaye Minhaj yake inasomeshwa mpaka leo katika misikiti ya pwani yetu. Kwa hiyo unapouliza suala la fiqhi kwetu huku, huenda jibu limepitia mikononi mwa fundi yule.

Alifariki mwaka 417 Hijria, sawa na 1026, akiwa na umri wa miaka 90. Hata alipokuwa imamu mkubwa, alama za kazi zilibaki nyuma ya kiganja chake. Hakuzificha. Alikuwa akizionyesha na kueleza kuwa ni athari za kazi ya ujana wake.

Basi ndugu yangu, tatizo letu mara nyingi si umri. Ni aibu ya kuonekana hatujui, na ni kule kusahau mara moja tu tukahukumu kwamba haiwezekani. Yule alisahau maneno matatu baada ya usiku mzima, na bado kesho yake alirudi.

Wakati nao hauji wenyewe, unatengwa. Mwezi huu tayari unaamka daku. Chukua robo saa baada ya Alfajiri, kabla simu haijakushika. Chagua kitu kimoja kilichokushinda: hukumu za tajwidi, sura moja, au herufi za Kiarabu tangu alifu. Tafuta mwalimu, hata akiwa mdogo kwako. Ukisahau, rudi. Usiogope kuwaudhi majirani kidogo!

Ewe Mola wetu, tuzidishie elimu yenye manufaa, tuondolee kiburi cha kutojifunza, na umrehemu Imamu Al-Qaffal na walimu wetu wote. Aamin.