Theodore Roosevelt: Rais aliyewalinda wanyama na kuwaua vifaru wa West Nile

Januari 1910, kwenye ukingo wa magharibi wa mto Nile, alipiga kambi mtu ambaye miezi kumi kabla ya hapo alikuwa rais wa Marekani. Theodore Roosevelt alikuwa na umri wa miaka 51, na alikuja kumtafuta kifaru mweupe. Eneo hilo la kaskazini-magharibi mwa Uganda linaitwa hadi leo Rhino Camp, yaani Kambi ya Kifaru. Maelfu ya wakimbizi kutoka Sudan Kusini na Kongo wameishi katika makazi yenye jina hilo bila kumwona kifaru hata mmoja.

Roosevelt alizaliwa New York tarehe 27 Oktoba 1858, katika familia yenye mali. Utotoni aliteswa na pumu, akajifariji kwa vitabu vya wanyama. Siku moja aliona sokoni mzoga wa sili, mnyama wa baharini, akalipata fuvu lake na kuanzisha nalo makumbusho yake madogo nyumbani. Akiwa bado kijana alifundishwa kuchuna ndege, kuzitia dawa ngozi zao na kuzijaza ili waonekane kama walio hai. Tangu hapo, kumpenda mnyama na kumwua vilikwenda pamoja katika maisha yake.

Mwaka 1883 alisafiri hadi Dakota ili apate kumpiga risasi nyati wa Marekani kabla hawajatoweka. Makundi makubwa ya nyati hao yalikuwa yamekwisha teketezwa kwa ajili ya ngozi, ambazo nyingine zilikatwa kuwa mikanda ya kuendeshea mitambo ya viwandani. Roosevelt alimpata nyati wake, lakini uchache wa waliosalia ulimshtua. Mwaka 1887 alishiriki kuanzisha chama cha Boone and Crockett, kilichowataka wawindaji wafuate kanuni: mnyama apewe nafasi ya kujiokoa, na asiuawe zaidi ya inavyohitajika.

Kanuni hiyo ilijaribiwa hadharani Novemba 1902 huko Mississippi, yeye akiwa rais tayari. Mwongoza msafara, Holt Collier, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani, alimkamata dubu na kumfunga kwenye mti ili rais ampige risasi. Roosevelt alikataa, kwa kuwa aliona ni aibu kumwua mnyama aliyefungwa. Mchoraji wa gazeti alikichora kisa hicho, na kutokana nacho watoto wa dunia nzima wakapata mwanasesere wa dubu anayeitwa kwa jina la utani la rais huyo, Teddy. Sehemu isiyosimuliwa sana ni kwamba dubu mwenyewe alikuwa amejeruhiwa vibaya, na rais aliagiza auawe ili mateso yake yakome.

Mwaka uliofuata alizigusa nguo za watu. Wakati huo wanawake wa miji mikubwa ya Marekani na Ulaya walivaa kofia zilizopambwa kwa manyoya ya ndege, na wawindaji waliwaua yangeyange na ndege wengine katika msimu wa kuzaa, wakiacha makinda yafe njaa viotani. Tarehe 14 Machi 1903 Roosevelt alitangaza kisiwa kidogo cha Pelican, huko Florida, kuwa hifadhi ya ndege. Kufikia mwisho wa urais wake alikuwa ameanzisha hifadhi za ndege zipatazo 51 na hifadhi za taifa tano. Kwake yeye, pambo la kichwani halikutosha kuwa sababu ya kuua.

Ndipo linapokuja swali la safari yake ya Afrika. Alishuka Mombasa Aprili 1909 akiwa na mwanawe Kermit na wataalamu wa taasisi ya Smithsonian ya Washington. Wapagazi waliobeba mizigo, ikiwemo tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi, walimwita Bwana Mkubwa. Kutoka Kenya msafara uliingia Uganda, ukapita Entebbe na Kampala, kisha ukashuka kwa maji kutoka Ziwa Albert hadi Lado.

Nchi ya Lado, iliyokusanya maeneo ya leo ya Arua, Koboko na Midia, ilikuwa imekodishwa kwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji mwaka 1894. Leopold alifariki Desemba 1909, wiki chache kabla Roosevelt hajafika, na kwa mujibu wa mkataba ilibidi nchi hiyo irudishwe kwa Sudan. Sehemu yake ya kusini iliingizwa Uganda mwaka 1914. Katika kipindi hicho cha utawala legevu wawindaji wa Kizungu walimiminika kutafuta pembe za ndovu, ambazo Ulaya na Marekani zilitengenezewa vinanda na mipira ya biliadi. Wenyeji, Walugbara, Wakakwa, Waalur na Wamadi, hawakuulizwa neno.

Roosevelt hakujihesabu kuwa mmoja wa wawindaji hao. Alijua kwamba kifaru mweupe wa kaskazini alikuwa na eneo dogo la kuishi na kwamba huenda akatoweka. Hata hivyo, yeye aliua vifaru watano na Kermit wanne. Katika safari nzima baba na mwana waliua wanyama 512. Alijitetea kwamba wanyama hao walikwenda kwenye makumbusho au waliliwa kambini, na kwamba anayemlaumu hana budi kuyalaumu makumbusho yote ya wanyama duniani.

Utetezi huo una uzito wake. Ngozi na mifupa iliyopelekwa Washington imewafundisha wanasayansi wa vizazi vingi. Wala hakuna jamii iliyoishi bila kutumia wanyama: hata adungu, kinanda cha nyuzi cha Waalur, huwambwa ngozi. Lakini mwenye adungu hutumia ngozi ya mnyama ambaye wenzake bado wapo. Mtu aliyekuwa amekwisha kuona mwisho wa nyati nchini kwake alikuwa na sababu zaidi ya wengine ya kujiuliza kama kifaru mmoja au wawili wasingetosha.

Roosevelt alifariki usingizini tarehe 6 Januari 1919. Si risasi zake zilizowamaliza vifaru wa West Nile. Waliowamaliza ni majangili wa miaka ya vita na vurugu, waliotafuta pembe za kuuzwa Asia kama dawa na Yemen kama mipini ya majambia. Kufikia mapema miaka ya 1980 hakukuwa tena na kifaru wa porini nchini Uganda. Machi 2018 dume la mwisho la kifaru mweupe wa kaskazini, lililoitwa Sudan, lilikufa katika hifadhi ya Ol Pejeta nchini Kenya. Wamebaki majike wawili, Najin na bintiye Fatu, wanaolindwa na askari wenye silaha usiku na mchana.