Gakaara wa Wanjau, Mwalimu wa Herufi wa Karatina

Akitajwa mtaalamu wa lugha, aghalabu fikira zetu humwendea bwana mwenye joho na shahada, aketiye katika chumba chenye vitabu mpaka darini. Leo nataka kumweleza msomaji habari za mtu asiyekuwa na joho wala shahada, ambaye hata hivyo aliitumikia lugha yake kwa muda wa karibu nusu karne. Huyo ni marehemu Gakaara wa Wanjau, aliyezaliwa mwaka 1921 pande za Tumutumu, Nyeri, akafariki mwaka 2001. Duka lake la vitabu na mtambo wake wa kupigia chapa vilikuwa Karatina, mji wa soko ulio chini ya Mlima Kenya.

Babake alikuwa mchungaji wa kanisa la Presbiteri, na Tumutumu ilikuwa kituo kikubwa cha wamisheni wa Kiskoti. Hapo ndipo alipofanya kazi Arthur Barlow, aliyetoa kitabu cha sarufi ya Kikuyu mwaka 1914. Baadaye huko London bibi mmoja mjuzi wa sauti za lugha, Lilias Armstrong, aliichunguza Kikuyu kwa makini, na aliyekuwa akimtamkia maneno ni Jomo Kenyatta. Bibi huyo alifariki mwaka 1937, na kitabu chake kikatoka mwaka 1940. Basi utaona ilivyokuwa: mgeni ndiye mwenye kitabu, na mwenye lugha ni msaidizi tu.

Huenda msomaji akauliza, kwani kuandika lugha kuna ugumu gani? Sisi tuliosoma chuoni kwa ubao na wino twaujua ugumu huo. Irabu za Kiswahili ni tano, na herufi za Kiarabu zina alama tatu tu za irabu, yaani fatha, kasra na dhumma. Ukiandika kiti na ukiandika keti, kasra ni ile ile, na msomaji itambidi afahamu kwa maana ya maneno. Kikuyu ndiyo ina shida zaidi, maana irabu zake ni saba, ilhali herufi za Kizungu za irabu ni tano. Kwa hiyo ikabidi kuweka kialama juu ya i na juu ya u, ili kupata zile mbili zilizobaki. Kialama hicho si pambo. Neno irĩma ni milima, na neno irima ni shimo. Mpiga chapa akisahau alama moja tu, milima yote imegeuka shimo! Tena kuna irabu fupi na ndefu, na urefu huo wengi hawakuuandika kwa utaratibu mmoja. Hapa ndipo Gakaara alipokuja kuweka mguu wake.

Lakini njia yake haikuwa nyofu. Alipelekwa shule ya Alliance, na mwaka 1940 akafukuzwa baada ya mgomo wa wanafunzi. Akaingia jeshini akawa karani. Alipotoka alianza kuandika, na mwaka 1946 akatoa hadithi ya Kikuyu juu ya uchumba na mahari. Kisha akatoa kijitabu kilichonifurahisha mimi mtu wa pwani, kwani alikiandika kwa Kiswahili: Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika. Jina lenyewe latosha kueleza shabaha yake. Alitaka Mwafrika asimame kwa miguu yake, tena alijua kuwa maneno hayo yakisemwa kwa Kiswahili yatavuka mipaka ya Nyeri.

Mwaka 1952 alitunga imani ya Gikuyu na Mumbi, kwa mfano wa ile imani inayosomwa makanisani. Serikali ya mkoloni haikuona hapo utunzi, iliona uasi. Tarehe 20 Oktoba mwaka huo hali ya hatari ilipotangazwa, Gakaara naye alikamatwa. Miongoni mwa mahali alipofungiwa ni kisiwa cha Manda, mkabala na Lamu, na hapo Takwa, penye magofu ya mji wa kale uliohamwa na wenyewe. Ni ajabu ya dunia kuwa mwandishi wa mlimani aliyeandika kwa Kiswahili aliletwa kifungoni katika maji ya Lamu, mji uliolea utenzi na ushairi wetu. Huko kizuizini aliendelea kuandika kwa siri, na maandishi yake yakafichwa yasionekane. Mkewe, Shifra Wairire, naye alitiwa kizuizini.

Alipopata uhuru wake hakwenda kutafuta cheo. Alirudi kwenye kalamu, na katika miaka ya 1960 na 1970 akawa anatoa gazeti la Kikuyu lililoitwa Gikuyu na Mumbi. Humo wasomaji walifuata visa vya Wa-Nduuta na kucheka, na huku wakicheka walikuwa wakijifunza kusoma lugha yao ikiwa imeandikwa kwa uangalifu. Akatunga pia vitabu vya kufundishia kusoma, na mwaka 1991 akatoa kitabu juu ya namna ya kuiandika Kikuyu sahihi. Alishikilia kuwa irabu ikiwa ndefu katika kinywa, basi na iandikwe mara mbili katika karatasi. Si wote waliomfuata, kwa maana mtu akishazoea maandishi fulani tangu utotoni ni vigumu kuyaacha. Lakini hakuna aliyeweza kusema kuwa mzee hakufikiri.

Yale maandishi ya kizuizini yalitoka kuwa kitabu mwaka 1983, kwa Kikuyu, na mwaka 1984 yakapata Tuzo ya Noma ya uandishi wa Afrika, aliyoshiriki na Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini. Tafsiri ya Kiingereza ilifuata mwaka 1988. Ndipo wasomi walipoijua njia ya Karatina. Cristiana Pugliese alitoa kitabu kizima juu ya maisha na maandishi yake mwaka 1995, na Derek Peterson akamtaja katika kitabu chake cha mwaka 2004 juu ya uandishi wa Wakikuyu zama za ukoloni.

Siwalaumu wasomi hao, kwani wamehifadhi mengi ambayo pengine yangeliwa na mchwa. Ninalosema ni kuwa tusingoje mpaka mgeni abishe hodi ndipo tumtambue mjuzi aliye jirani yetu. Katika miji yetu, bara na pwani, wamo wazee wanaojua lugha kwa undani na hawajaulizwa neno. Gakaara hakungoja kuulizwa. Alinunua mtambo, akapanga herufi, akauza kitabu sokoni kama auzavyo mwingine viazi. Na funzo lake la kwanza alilibeba katika jina lake mwenyewe: msomaji akiliona limeandikwa Gakaara, ajue zile a mbili za katikati hazikuwekwa kwa bahati mbaya.