Albert wa Kwanza, mfalme aliyezeeka akipanda milima

Wazee wetu wa Kasongo na Kabambare walimjua kwa jina la mji: Albertville, ule tunaita leo Kalemie. Wengine waliona kichwa chake kwenye franga za wakati wa Wabeleji. Lakini ni wachache wanaojua namna alivyokufa. Hakufa vitani, hakufa kitandani. Alikufa kwenye mawe, peke yake, katika mchezo alioupenda sana, akiwa na miaka 58. Leo tunaeleza maisha yake, sababu yanagusa jambo ambalo sisi wa sendika tunalibeba kila siku: mtu akianza kuzeeka, mwili wake uko na haki gani ya kufurahi?

Albert alizaliwa Bruxelles tarehe 8 mwezi wa ine 1875. Hakuzaliwa kuwa mfalme. Mfalme alikuwa Léopold II, kaka ya baba yake. Mbele ya Albert kulikuwa pia mkubwa wake, Baudouin, lakini huyo alikufa kijana 1891, na baba yao akafa 1905. Mwaka 1900 Albert alimwoa Elisabeth wa Bavaria, wakazaa watoto watatu.

Mwaka 1909, mbele ya kupewa kiti, alikuja Kongo. Aliingia kwa upande wa Katanga, akatembea sehemu kubwa kwa miguu na kwa kinga, akashuka mpaka kufika Boma. Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka uleule Léopold akafa, yeye akawa mfalme.

Vita ya 1914 njo ilimpa sifa kule Ulaya. Alikaa na askari wake nyuma ya mto Yser miaka ine, hakukimbia inchi yake. Wakamwita mfalme askari. Lakini sisi wa Maniema hatuwezi kusoma sifa hiyo bila kuhesabu watu wetu. Askari wa Force publique walipoingia Tabora mwezi wa tisa 1916, nyuma yao kulikuwa maelfu kwa maelfu ya wapagazi wenye kubeba chakula na risasi. Wengi hawakurudi tena. Mwaka 1917 ikatoka amri ya kulima kwa lazima. Mwaka 1921 Simon Kimbangu akahukumiwa kufa. Albert akageuza hukumu hiyo kuwa kifungo cha maisha, na Kimbangu akabaki gerezani miaka 30, mpaka kufa kwake Elisabethville 1951. Haya yote yalifanyika chini ya jina la mfalme huyu. Tunayaandika ili mtu asifikiri tunamsifu bure.

Sasa tufike kwenye mlima. Albert alianza kupanda mbele ya vita, na vita ilipoisha akarudi kwa nguvu zaidi. Alikwenda Uswisi, alikwenda Italia kwenye mawe makali ya Dolomites, mahali ambapo mpaka leo kuna nyumba ya wapandaji yenye jina lake. Alisafiri kwa jina la kujificha, Comte de Réthy. Utamu wake tunaufahamu vizuri. Nyumbani kila mtu alimwinamia, kila saa ilikuwa na karatasi ya kutia sahihi. Kule juu, mwenye kuongoza kamba njo alikuwa mkubwa; mfalme alingoja zamu yake na kushika mahali alipoambiwa. Kati ya waliopanda naye ni Hans Steger na Paula Wiesinger. Mama huyo alikuwa pia hodari wa kuteleza juu ya theluji kwa mbao za miguuni, na mwaka 1932 akawa bingwa wa dunia kwa kushuka mbio.

Huo mchezo wa theluji na ule wa kupanda ni ndugu. Ulaya, wazee wa miaka 60, hata 70, wanaendelea nayo yote miwili. Furaha iko: hewa safi, weupe wa mlima, mwili kukumbuka ujana. Maudhi nayo iko: magoti yanauma, baridi inaingia mifupani, vijana wanakupita kama upepo, na pahali ulipopita bila kufikiri sasa panataka hesabu. Mzee mwenye akili anachagua mteremko mwepesi na anapumzika mbele ya kuchoka. Albert naye alikuwa na yake. Macho hayakuona mbali, alivaa miwani siku zote. Nafasi ilikuwa kidogo. Milima mikubwa ilikuwa mbali, basi alijizoeza kwenye mawe madogo ya kwao, kando ya mto Meuse.

Tarehe 17 mwezi wa pili 1934, siku ya posho, alikwenda Marche-les-Dames, karibu na Namur. Akamwacha mtumishi wake chini akisubiri, akapanda peke yake. Jioni walimngojea Bruxelles kwenye mashindano ya kinga. Hakufika. Wakamtafuta kwa taa, na usiku wa manane wakaona maiti yake chini ya jiwe, kichwa kimepasuka. Inafikiriwa kwamba jiwe aliloshika lilingoka. Watu walisema mengi, kwamba aliuawa na maiti ikabebwa pale. Mwaka 2016 wenye sayansi walipima damu iliyobaki kwenye majani yaliyookotwa mahali hapo, wakakuta ni damu yake kweli.

Kosa lake halikuwa uzee. Mtu wa miaka 58 mwenye mazoezi anaweza kupanda. Kosa ni kwenda bila mwenzake, bila mtu wa upande wa pili wa kamba. Hapa Salamabila kila mchimbaji anajua: kwenye shimo hauingii peke yako, hata kama unalijua kuliko nyumba yako.

Kuna jambo lingine pia. Mfalme alipanda kwa kupenda, akashuka wakati aliotaka. Wazee wetu wanapanda kilima na mfuko wa mawe mgongoni kwa sababu hakuna akiba, na hakuna mtu anayeuliza magoti yao. Tunadai pansheni na matunzo ya hospitali kwa mfanyakazi aliyechoka. Siyo ya kumweka kitini angoje kufa. Ni ya kumpa siku ambayo atapanda kilima cha kwao mikono mitupu, na mwenzake pembeni, kwa kutazama tu.